Dada wa Mbu na Sifuri za Mama Mkwe

Kumepambazuka, na wakati majirani wanavuta chai, yeye anavuta mbu. Amesimama juu ya kigoda katika chumba cha watu, mrija wa plastiki mdomoni, anawafyonza taratibu wale waliobaki ukutani karibu na mtego. Kati ya mdomo wake na mbu pana kipande cha wavu tu.

"Kikitoboka, nimepata kifungua kinywa," anasema, na kushuka.

Mtaani hakuna anayemwita kwa jina. Ni Dada wa Mbu, hata kwa mumewe, fundi viti, ambaye hudai kwamba wenzake wameoa wake wa kufukuza mbu, yeye kaoa wa kuwakusanya.

Jioni, yeye na mwenzake hutundika mitego katika nyumba arobaini. Mtego wenyewe ni taa ndogo na feni, vyote vya betri, na mfuko wa wavu. Mbu hufuata taa, feni humvutia mfukoni, na asubuhi hupelekwa maabara kutenganishwa kwa kibano, jike huku, dume kule, kisha kuhesabiwa. Posho ni ya kutwa. Siku mitego isipotundikwa, hakuna.

Alipoanza kazi miaka mitatu iliyopita, alidhani mbu hugawanywa kama viti vya harusini, kila nyumba na fungu lake. Mtakwimu wa mradi, mama mpole anayechora juu ya chochote, hata bahasha iliyokwisha kazi, ndiye aliyemkalisha chini.

Alimweleza kwamba vitu vya dunia vina namna zao za kujigawa. Urefu wa watu, uzito wa watoto wanaozaliwa, hata makosa madogo ya mizani: wengi hukaa katikati, wachache pembeni, na ukichora unapata umbo la kengele. Mbu hawana adabu hiyo. Wao wamefanana zaidi na matetemeko ya ardhi, au na minyoo tumboni mwa watoto: kwingi hakuna kitu au kuna kidogo, na kuchache kumebeba karibu mzigo wote. Mchoro wao ni mlima uliosimama kwenye sifuri, halafu mkia mrefu unaoburuzika.

"Wastani wetu ulikuwa mbu watano kwa nyumba kwa usiku," anasema Dada wa Mbu akicheka. "Sasa nionyeshe hiyo nyumba yenye watano. Ishirini na sita hazina hata mmoja, tatu za kule kona zina sitini sitini. Mbu hajui wastani. Anajua damu."

Hayo si ya soga. Miezi miwili iliyopita mradi ulipata dawa ya kupuliza ukutani ya kutosha nyumba sita tu, na nyumba hizo zilipaswa kuchaguliwa kwa kufuata mkia, yaani zile zenye mbu wengi zaidi. Hapo ndipo kazi ilipomfuata mpaka ukweni.

Katikati ya zile nyumba tatu za kona ipo nyumba ya mama mkwe wake. Uwanja wake hufagiliwa mara mbili kabla jua halijakaa sawa, na jani likiangukia pale linajiona limekosea njia. Kwa wiki tatu, mfuko wa mtego wake ulikutwa mtupu kila asubuhi. Majirani wa kulia, kushoto na nyuma walivuna mbu kwa bakuli; kwake sifuri.

Mama mkwe aliwatangazia majirani kwamba usafi hauazimwi.

Mtakwimu hakushangilia. Alisema sifuri moja ni bahati, hata nne. Lakini nyumba safi kuliko zote mtaani nayo hunasa mbu mmoja au wawili kwa wiki, kwa kubahatisha tu. Nyumba iliyozingirwa vile ikikaa wiki tatu bila hata mmoja, ni sawa na kurusha sarafu kutwa nzima ikaangukia upande uleule. Sarafu ya namna hiyo, alisema, mtu huigeuza akaikagua.

Asubuhi iliyofuata Dada wa Mbu alipima betri. Nyingine zote zilirudi hoi. Ya ukweni ilirudi na nguvu zake, kama mgeni aliyelala fofofo.

Sasa, kumwambia mama mkwe kwamba anazima mtego ni kazi isiyo na fundi. Kunyamaza nako kulikuwa kubaya zaidi: ndani ya nyumba ile alilala wifi yake, mjamzito wa miezi saba, na malaria haiheshimu mimba. Nyumba yenye sifuri isingepata dawa.

Alikwenda mchana, akamkuta anaanika nguo. Akamsaidia kwanza kukamua shuka. Kisha, bila kutaja betri, akasema kwamba dawa inafuata mbu, na nyumba zisizo na mbu zitarukwa.

"Zitarukwa, au nitarukwa?" aliuliza mama mkwe.

"Utarukwa, Mama."

Mama mkwe alibana kibanio kwenye kamba, akakibandua, akakibana tena. Kwa sauti ya chini akaeleza kwamba kila usiku, watu wakishalala, alichomoa waya wa betri. Angesema nini mfuko ukitolewa mlangoni kwake umejaa weusi tii, baada ya miaka yote ya ufagio?

"Watasema nafuga."

Dada wa Mbu alimweleza kwamba mbu hawa hawazaliwi kwenye takataka za mtu. Wanazaliwa kwenye maji yaliyotuama, na maji hayo yalikuwa nyuma ya ukuta, katika msingi wa nyumba ambayo mwenye kiwanja kile aliianza akaitelekeza.

Aliyemaliza kesi alikuwa wifi, dirishani, mikono juu ya tumbo.

"Mama, mficha uchi hazai. Mimi nataka kuzaa."

Mama mkwe alicheka mpaka shuka likamponyoka.

Usiku ule na uliofuata waya haukuguswa. Mfuko wa kwanza ulitoa mbu themanini na saba, wa pili ukazidi. Nyumba ikaingia kwenye zile sita, kuta zikapuliziwa, na shimo la msingi likafukiwa. Mama mkwe, ambaye kushindwa hakujui, sasa huwaambia majirani kwamba katika mtaa mzima yeye ndiye aliyeshika namba moja.

Wifi yuko mwezi wa tisa na hajapata homa. Dada wa Mbu anajiandaa kuanza masomo ya jioni ya takwimu ili michoro aichore mwenyewe. Mkia umefupika, anasema, ila haujakatika. Ukweni bado wananaswa wawili, watatu.

"Natamani asubuhi moja nifungue mfuko wa Mama, nikute sifuri," anasema. "Na niiamini."