Pombe ya Ulezi Jikoni kwa Profesa

Mwaka wa tisini na saba nilikuwa namtunza mzee mmoja huko Silver Spring, Marekani, profesa mstaafu, mgane, ambaye kiharusi kilikuwa kimemwachia mkono mmoja na nusu ya koo. Nasema nusu ya koo kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe. Hakuweza kumeza kitu chepesi. Maji, chai, maziwa, hata mchuzi, vyote nilivikoroga na unga mweupe maalumu mpaka vikawa vizito kama uji, ndipo nikamlisha kwa kijiko, maana chepesi kingepotea njia kikaingia mapafuni. Siku yangu ya kwanza muuguzi alinionyesha namna ya kukoroga, akaniambia, "Hili usilisahau hata siku moja." Sikulisahau.

Profesa alikuwa amefundisha historia ya Wanorse, watu wa kale wa kaskazini ya Ulaya ambao kwenye sinema huitwa Waviking. Kitabu chake cha mwisho kilibakiza sura moja, ya vinywaji vya kila siku na safari za biashara. Kwa kuwa mkono uliokufa ndio wa kuandikia, yeye alisema nami nikaandika. Kiingereza changu kilikuwa cha sekondari ya Moshi. Alisema kinamtosha.

"Watu wanadhani walikunywa pombe ya asali kila siku," aliniambia. "Hiyo ilikuwa ya wakubwa, na ya sherehe. Mtu wa kawaida alikunywa pombe nyepesi ya shayiri, yeye na watoto wake. Kule Aislandi shayiri ilikuwa adimu, wakanywa maji ya maziwa."

Hayo yalikuwa yale maji yanayobaki ukishachuja maziwa ya mgando. Waliyaacha kwenye mapipa yakachacha mpaka yakawa makali, kisha wakayapunguza kwa maji ya kawaida. Bibi yake, aliyezaliwa huko, aliendelea kuyatengeneza hata baada ya kuhamia Marekani. Profesa aliyanywa utotoni. Alipoyataja alimeza mate taratibu, kwa uangalifu, kama alivyofundishwa hospitali.

"Na hiyo pombe ya shayiri, nani aliipika?" nikamuuliza.

"Wanawake."

Nikacheka, nikamweleza habari za bibi yangu mzaa baba, kule Marangu, aliyekuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Alivyoloweka ulezi ukaota, akauanika na kuusaga. Ndizi mbivu alizochemsha akaziacha siku kadhaa zikachacha. Gome la mti wa msesewe lililotia ule uchungu. Profesa aliniambia niweke kalamu chini, akaanza kuniuliza yeye. Bibi alijuaje kwamba ulezi umeota vya kutosha? Nani alionja kwanza? Nilikuwa nimekaa Marekani miaka mitatu, na hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza hata jambo moja kuhusu bibi yangu.

Sehemu ya biashara ilituchukua majira yote ya joto. Wanorse walishuka mito ya mashariki na ngozi za manyoya, nta, asali, na meno marefu ya wanyama wa bahari ya barafu. Walirudi na hariri, shanga, na sarafu za fedha zenye maandishi ya Kiarabu, ambazo hadi leo wakulima wa Uswidi huzifukua mashambani.

"Na watu," akaongeza. "Andika hivyo. Waliuza watu pia, wengi."

Nikaandika. Kisha nikamuuliza hao watu walikunywa nini njiani.

"Hakuna aliyeandika," alisema. "Nimesoma miaka hamsini, na sikuwahi kujiuliza hilo."

Mwezi wa kumi, asubuhi moja kabla sijatoka kwenda kazini, simu ililia nyumbani. Alikuwa kaka yangu. Baba alikuwa ameanguka shambani, wakamfikisha hospitali akiwa ameshakata roho. Nilikaa sakafuni na simu mkononi. Dada wa Kikenya niliyekuwa naishi naye, naye mtunza wazee kama mimi, akaja kukaa kando yangu.

"Pole sana, dadangu. Si uende tu umzike?"

"Nikitoka sirudi," nikamwambia. Karatasi zangu za ukaazi zilikuwa zimekwisha muda tangu mwaka uliotangulia, na yeye alilijua hilo.

"Basi leo uchukue off. Wapigie simu kazini."

Lakini siku hiyo hapakuwa na mtu mwingine wa kumkorogea profesa chai yake. Nikaoga, nikapanda basi.

Sikumwambia. Yeye ndiye aliyeona. Nilikuwa namlisha, kijiko kikawa kinagonga meno yake, akanishika kiganja kwa mkono wake mzima. Nikamweleza. Baadaye, nilipokuwa naosha vyombo, akauliza kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, "Kwenu mtu akizikwa, mnakunywa nini?"

Nikamwambia kwamba ukoo ungepika mbege kwa ajili ya matanga, na nyingine kidogo ingemwagwa chini kwa ajili ya baba.

"Basi uipike hapa," alisema. "Sufuria kubwa iko chini ya sinki."

Niliipika kwa siku kadhaa, katikati ya kazi. Ulezi niliupata kwenye duka la Wahabeshi karibu na stesheni ya Metro. Ndizi zilikuwa za supamaketi, laini na tamu kupita kiasi. Msesewe haukuwepo popote. Profesa alikaa mlangoni mwa jikoni akaniangalia, akiuliza, na mara nyingine akiniacha nilie bila kuuliza kitu.

Ilipokuwa tayari, nilimwaga kidogo kwenye nyasi nyuma ya nyumba, nikamtaja baba, nikanywa. Haikuwa mbege ya bibi, ila ilikuwa jamaa yake. Nilipoingia ndani nikamkorogea profesa kikombe chake. Akakitazama.

"Bila unga," alisema. "Mara moja tu. Nimekula uji miaka miwili."

"Siwezi, Profesa. Ukipaliwa je?"

"Najua kinachoweza kutokea."

"Na mimi najua."

Hakunibembeleza. Angenibembeleza ningekataa kwa urahisi zaidi. Nikachukua kile kisponji chenye kijiti tulichotumia kumlowesha mdomo, nikakichovya kwenye mbege, nikakikamua, nikampitisha midomoni na kwenye ulimi. Akafumba macho.

"Uchungu hautoshi," alisema mwishowe.

"Msesewe umekosekana."

"Mwambie bibi yako nimelitambua hilo." Bibi alikuwa amekufa zamani, naye alilijua. Halafu akaniomba siku nyingine nimtengenezee yale maji ya maziwa. Nikasema nitatengeneza wiki ijayo.

Wiki iliyofuata alipata homa ya mapafu. Alilazwa, wakamkataza chochote kupita mdomoni, na siku ya tano akafariki. Binti yake alikuja kutoka California. Alikuta sufuria jikoni, bado na masalia.

"Ulimpa baba yangu pombe?"

Ningeweza kukana. Nikamweleza yote, pamoja na kisponji. Alinisikiliza akiwa amesimama, na koti lake hajalivua. Akasema, "Ungekataa," kisha akaingia chumbani. Kesho yake kampuni iliyoniajiri kumtunza ilinipigia simu kuniambia nisirudi tena.

Muuguzi aliyenifundisha kukoroga alinitafuta akaniambia kwamba mapafu ya yule mzee yalikuwa mabovu tangu kiangazi, kwamba matone mawili ya kisponji hayaui mtu, kwamba mate yake mwenyewe yangetosha kumletea homa ile. Nilimshukuru. Nimeyarudia maneno yake mara nyingi, na kuna siku nayaamini. Lakini kinachonisumbua zaidi si kile kisponji. Ni ile "wiki ijayo". Maziwa yalikuwepo kwenye friji siku hiyohiyo.

Karatasi tulizoandika alizichukua binti. Kama zilichapwa, mimi sijaziona.

Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa nimepata kazi kwenye nyumba ya wazee huko Lanham. Jumapili moja nikampigia mama. Alinieleza jinsi kaburi lilivyojengewa, nani alikuja, nani hakuja. Halafu akauliza, "Na yule mzee wako wa kizungu, aliyekuambia umpikie baba mbege? Namwombea kila jioni. Hajambo?"

Nilisikia kuku nyuma yake, na mtu akipasua kuni.

"Hajambo, mama," nikamjibu. "Anakusalimu sana."