Nilimnywesha Mama Mkwe Chai Bandani kwa Mbuzi

Jamani, mimi ni mjinga! Naanza na hilo ili mtu asije akanihurumia.

Mke wangu alipopata mimba yetu ya kwanza, nilimsindikiza kliniki hapa Babati. Nesi akasema kemikali anazokutana nazo mama mjamzito zinaweza kumfikia mtoto tumboni, zikavuruga homoni zake, na madhara yakaja kuonekana akiwa mtu mzima. Nikatoka pale najiona daktari bingwa.

Nikatupa mafuta yake ya kujipaka. Nikatupa ndoo za plastiki, tukawa tunaogea sufuria ya ubwabwa. Wageni nikawa nawanusa mlangoni. Wanakwaya walikuja kumwombea, wakaimbia nje kwa sababu mmoja alijipulizia pafyumu!

Mama mkwe naye akaja kutoka Dareda, nywele ametoka kuzitia dawa saluni. Nikamzuia getini.

"Shikamoo mama. Naomba ukae pale bandani kwa mbuzi, nakuletea chai."

"Mkwe, nimepanda gari kuja kumwona mwanangu!"

"Hizo nywele, mama. Homoni!"

Mama wa watu akanywa chai na mbuzi. Na mimi nikajisifu.

Mimba ina miezi minane, tukarudi kliniki, nesi akauliza, "Mahindi mnahifadhi wapi?"

"Chumbani, wezi wengi huku kwetu Mutuka," nikajibu kifua mbele. "Magunia kumi na mawili. Nimeyatia dawa ya wadudu mwenyewe, hata panya hasogei. Godoro tumetandika juu yake."

Nesi akaacha kuandika. Mke wangu akanigeukia taratibu.

"Yaani muda wote huu nalala juu ya sumu?"

Mungu wangu!

Siku hiyohiyo akahamia kwa mama yake. Binti yetu amezaliwa salama, nashukuru. Nesi anasema huenda asidhurike, huenda madhara yakaja ukubwani, hakuna ajuaye. Hilo ndilo linaloniliza, maana alichovuta tumboni siwezi kukitoa.

Jumamosi nilioga mara mbili, nikaenda kumwona. Mama mkwe akanisimamisha getini, akaninusa shingoni, akanionyesha banda la mbuzi. Chai niliipata. Mtoto sikumwona.

Wanaume wenzangu, tafuteni stoo! Mahindi ya dawa yasilale chumba kimoja na mjamzito. Mimi Jumamosi narudi kwenye lile banda, labda watanionyesha hata miguu yake tu.