Dada Alipokuwa Akiondoka

Shemeji alimleta dada yangu nyumbani kwetu, juu ya mji wa Nkubu, msimu wa kuchuma kahawa, katikati ya miaka ya tisini. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Sijamkataa," alimwambia mama. "Lakini nikienda kuchimba mchanga, namwacha na nani?"

Miezi michache kabla ya hapo, kule Kiritiri walikokuwa wakiishi, nyumba yao ya nyasi ilishika moto dada akiwa ameenda kuteka maji. Binti yao mdogo alikuwa amelala ndani. Majirani walimshika dada asijitupe motoni. Siku ya mazishi alisimama kando ya kaburi, macho makavu, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Tangu hapo alikuwa akiondoka. Hatukuwa na neno jingine. Tulikuwa tukikaa uani tukichambua maharagwe, mara mikono yake inasimama, macho yako wazi, na ukimwita hasikii. Akirudi, alishangaa jua limefika wapi. Siku nyingine alijikuta sokoni, miguu imejaa vumbi, hajui alivyofika. Na mtu akimuuliza habari za mtoto, alijibu kwa utulivu, "Yuko kwa nyanya yake, mamake baba yake." Hakuwa akidanganya. Aliamini.

Kanisani walisema ni pepo, wakamwombea mpaka sauti zikawakauka. Kwenye kliniki moja walisema ni kifafa, wakampa vidonge vilivyomlaza mchana kutwa, na bado aliondoka. Mama alisema ni huzuni tu, itapita. Lakini huzuni ndiyo tuliyokuwa hatujaiona kwake hata kidogo.

Mwishowe tulimpeleka hospitali ya misheni, kwa daktari wa akili aliyekuwa akija pale mara mojamoja. Alikuwa mama mtu mzima, hana haraka.

"Akishikwa, huuma ulimi?" aliniuliza. "Hujikojolea?"

"Hapana."

"Na kabla hajashikwa, kunakuwa na nini karibu?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nikakumbuka sufuria iliyoungua, jirani akichoma takataka za shamba, wanawake wakichoma mahindi njiani.

"Moshi," nikasema.

Daktari alimgeukia dada. "Mama, wewe si mwendawazimu, na hiki si kifafa. Uliona jambo lililokuzidi nguvu, akili yako ikalifungia mlango. Likibisha, wewe unatoka. Ni ugonjwa, hata vitabu vyetu vinaujua."

"Jambo gani?" dada akauliza.

"Tutafika huko polepole. Hakuna anayekusukuma."

Alitufundisha la kufanya. Dada akianza kuondoka, tulimshikisha kikombe cha maji baridi, tukamwita taratibu na kumuuliza anaona nini, anakanyaga nini. "Uko kwa mama," nilikuwa nikimwambia. "Yule ni ng'ombe wetu. Shika ukuta huu." Na kila daktari alipokuja, dada alienda kuzungumza naye. Kuondoka kukapungua.

Nilidhani kupona kutakuja na furaha. Asubuhi moja, tukiwanywesha ng'ombe, aliweka ndoo chini.

"Mtoto wangu alikufa," akasema.

"Ndiyo, dada."

"Nilikuwepo mkimzika?"

"Ulikuwepo."

"Mlimvika nini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba hatukuweza kumvika chochote. Mama alimfunika kwa leso yake ya kujifunga. Dada aliketi kwenye nyasi akalia, akalia, hata majirani wakaja mbio kuuliza kama kuna msiba. Mama akawaambia ndiyo, upo. Nao wakakaa nasi, wakapika chai, kama watu waliokuja matangani.

Shemeji alipopata habari alikuja, akaketi karibu naye, wakalia. Walikuwa hawajawahi kumlilia mtoto wao pamoja. Lakini alipoondoka, dada hakwenda naye; alisema hawezi kuuona tena ule uwanja ilipoungua nyumba. Kwa muda shemeji aliendelea kuja, akimletea asali ya kwao na kuulizia afya yake. Kisha akaacha kuja, na dada hakumlaumu.