Kuni Alizobeba Rafiki Yangu

Chuo chetu cha walimu wa misheni kilikuwa kando ya reli, kati ya Kolwezi na Mutshatsha, na hakikuwa na kanisa. Kanisa tulilijenga wenyewe, enzi hizo Wabelgiji bado wakitawala. Kila wanafunzi wawili walipewa kichuguu chao wakivunje, wakanyage udongo wake, wafyatue matofali na kuyachoma. Wawili hao hawakuruhusiwa kuwa wa kabila moja. Mimi, mtoto wa watu wa Kasai niliyezaliwa katika kambi ya mgodi, nilipewa Mlunda wa Kasaji, kijana mpole aliyesali hata kabla ya kunywa maji. Nikasema, leo nimepatikana!

Kumbe nilikuwa nimepewa ndugu. Wajukuu zake leo wananiita babu. Mwaka wa pili ulipofika tulikuwa chanda na pete: yeye alinifundisha kusali bila makelele, nami nikamfundisha kupiga chenga.

Basi ikafika zamu yetu ya kuwasha tanuru. Furaha iliyoje! Baba yangu alifanya kazi kwenye tanuru la shaba, mukuba kama tulivyoiita, na tangu utotoni nilisikia kwamba moto ukiwa mdogo kazi yote ni bure. Nani angenifundisha moto, mimi? Nikapaza sauti: kuni, kuni zaidi! Rafiki yangu akabeba.

"Inatosha, ndugu," akaniambia alasiri. "Moto iko mingi. Hii haiko mukuba."

"Leta tu! We unajua nini ya moto?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Tanuru lilipopoa tulilifungua mbele ya chuo kizima. Matofali yalikuwa yameyeyuka na kushikana, donge moja jeusi linalong'aa. Wenzetu walicheka hadi wakakaa chini. Mimi sikucheka. Nilishaonywa mara mbili kwa sababu ya mdomo wangu, na kosa la tatu lilikuwa kurudi kambini, kwa baba aliyewatangazia majirani wote kwamba mwanawe atakuwa mwalimu.

Mchungaji mkuu wa chuo, ambaye sote tulimwita Tata, yaani baba, akauliza ni nani aliyechochea moto vile. Mimi nilishaandaa uongo wangu: udongo ulikuwa mbaya. Rafiki yangu akanitangulia.

"Tata, kuni mi njo nilibeba."

Yaani, ndiye aliyezibeba. Ilikuwa kweli tupu, na haikunitaja. Aibu ilinishika.

"Tata, mi njo nilimwambia alete," nikasema. "Yeye alinikataza."

Nilikuwa nimeungama mara nyingi katika sala, kwa maneno matamu, lakini siku ile ndiyo niliyoungama kweli. Moyo ukawa mwepesi ghafla, karibu nicheke mbele ya mchungaji.

Hakunifukuza. Alisema likizo ile nitabaki chuoni, na wenzangu wakirudi wakute matofali yote yamefyatuliwa na kuchomwa upya. La sivyo, nifunge sanduku langu. Ilikuwa kazi ya watu wawili, na kila mtu alijua hivyo.

Siku ya treni nilimsindikiza rafiki yangu stesheni. Alinipungia mkono dirishani, nikarudi nikilia kwa hasira, nikaanza kuvunja kichuguu peke yangu.

Kesho yake jua lilikuwa limeshapanda, nami nimezama kwenye udongo hadi magotini, niliposikia mtu akiimba wimbo wa sala njiani. Sanduku kichwani, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa ameshuka kituo cha pili, akatuma salamu kwa mama yake kwa msafiri wa Kasaji, akarudi kwa miguu!

Nilipiga kelele, nikaruka, nikamkumbatia na udongo wangu wote.

"Una wazimu? Na mama yako je?"

Akatua sanduku, akavua viatu, akakunja suruali na kuingia udongoni.

"Kuni mi njo nilibeba," akasema, akaanza kukanyaga.