Leonida na Mashine Iliyovuta Kushoto

Bati linatoka limenyooka, na Leonida Jepkosgei analitazama kama mtu aliyejibiwa swali ambalo hakuliuliza.

Ni asubuhi ya Jumatano katika kiwanda kidogo cha mabati ya kuezekea, nje kidogo ya mji wa Eldoret. Mbele yake mashine mpya inavuta utepe mpana wa chuma kutoka kwenye koili, inaupitisha katikati ya jozi za rola zinazoukunja kidogo kidogo, inapima, inakata, kisha inalisukuma bati hadi kwenye rundo. Hakuna aliyeigusa. Mkono wa kulia wa Leonida umeinuka kuelekea ule utepe, akaurudisha mfukoni mwa dastikoti, koti lake la kazi. Umeinuka tena.

"Naona ni kama niko jikoni ya mtu mwingine," anasema. "Huwezi saidia, na huwezi toka."

Leonida, mwenye umri wa miaka 47, ametumia miaka kumi na tisa upande wa pili wa ukuta, kwenye mashine ambayo wafanyakazi wameibandika jina la Shosho, kwa maana ya nyanya, yaani bibi. Shosho ina mota, rola na kisu. Urefu hupimwa kwa tepu, alama huwekwa kwa chaki, na kisu hushushwa kwa mkono. Inahitaji watu watano, na siku ikiwa nzuri hutoa mabati mia tatu. Ile mpya ina watu wawili tu. Urefu na idadi huandikwa kwenye skrini, na mabati mia tatu huwa yamekwisha kabla ya chai ya saa nne.

Kuhusu hesabu hiyo, Leonida hana ubishi. Kinachomsumbua ni Ijumaa.

Shosho imeuzwa kwa Johnstone Kipkirui, mwenye duka la vifaa vya ujenzi Cheptiret, na lori lake litaichukua Jumamosi. Johnstone anamtaka Leonida aende nayo, kwa shilingi 1,500 kwa siku badala ya 1,200 anazopata sasa. Kiwanda nacho kimempa njia ya pili: miezi mitatu ya majaribio kwenye mashine mpya. Akishindwa, hana pa kurudi, kwa kuwa Shosho itakuwa imeondoka. Jibu linatakiwa Ijumaa jioni.

Wiki tatu zilizopita jibu lilikuwa rahisi: angebaki. Kisha akaharibu mabati ya kanisa.

Kosa lenyewe lingeweza kufanywa tu na mtu aliyezoea Shosho. Shafti moja ya mashine hiyo, mhimili unaozungusha rola, imelika, na kwa hiyo huvuta chuma kushoto. Waendeshaji waliomtangulia walitoa mabati yaliyopinda hadi wakaacha kazi. Leonida alijifunza kuingiza utepe ukiwa umeegemea kulia, upana wa kidole, na kuusukuma kwa kiganja kila ulipotaka kurudi. Mabati yakanyooka. Wakubwa wakasema ana kipawa, na hakuna aliyefikiria tena kuhusu shafti.

Siku ya mabati ya kanisa, lililo Kaptagat, fundi anayemfundisha mashine mpya, Muchiri, alikuwa ametoka kupokea simu. Leonida akauona utepe kama unaegemea kushoto. Akachukua spana, akausogeza mwongozo wa pembeni kulia. Mashine ina kihisio, jicho linalolinda ukingo wa chuma, nayo ikaurudisha utepe. Akausogeza tena. Wakavutana hivyo, yeye na mashine, hadi Muchiri aliporudi. Kila bati lilikuwa na ukingo wenye mawimbi. Bati la namna hiyo halilaliani na jirani yake, na mvua hupitia hapo.

"Mama Leonida, huyu si Shosho," Muchiri alimwambia. "Unatibu mgonjwa hayuko!"

Watu walicheka. Leonida naye alicheka, kisha akaenda kukaa nyuma ya stoo.

"Nilijiuliza, sasa mimi najua kazi ya mabati, ama najua ugonjwa wa mashine moja?"

Wiki iliyofuata ushahidi ukageuka. Vumbi liliziba lile jicho, na mashine mpya ikasimama nusu siku huku Muchiri akimsubiri mtaalamu wa Nairobi kwenye simu. Oda za siku hiyo zilikamilishwa na Shosho.

"Walikuja mbio, 'Mama, washa Shosho!' Nikawasha. Nikafurahi sana. Halafu nikashangaa, nafurahia nini? Kwamba ile ingine imeharibika?"

Muchiri akataka kumaliza ubishi wa mashine ipi hutoa bati bora. Alilaza mabati mawili sakafuni, moja la kila mashine, akamwambia achague lake. Leonida alichutama, akafunga jicho moja, akautazama ukingo, akapitisha kiganja.

"Hii ni yangu."

Lilikuwa la mashine mpya. Wakarudia kwa mabati mengine, na mara hiyo akapatia.

"Ya kwanza nilikosa, ya pili nikapata," anasema. "Sasa hapo mtu amejua nini?"

Mchana wa Jumatano hii, baada ya kushinda asubuhi nzima mbele ya mashine mpya, mikono mfukoni, anampigia Johnstone na kumwomba jambo moja: Shosho ibadilishwe shafti kabla ya kupakiwa, ili aijaribu ikiwa nzima. Johnstone anakubali, kwa kuwa mashine nzima ina faida kuliko mbovu. Muchiri anachongesha shafti mpya mjini, kwenye leithi, mashine ya kuchonga chuma, na Alhamisi anaifunga.

Ijumaa saa tisa mchana Johnstone amesimama kando ya Shosho, kofia mkononi. Leonida anaingiza utepe, anawasha mota. Bati la kwanza linatoka limepinda. Limepinda kulia.

"Ai! Mama, mmeniharibia mashine!"

Leonida anakitazama kiganja chake, ambacho bado kimeukandamiza utepe.

"Mashine iko sawa, Mzee. Ni mimi napinda."

"Basi tukupeleke wewe kwa leithi," Muchiri anasema.

"Nipeleke! Utapata shafti imekauka."

Kwa bati la pili anaweka mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa. Linatoka limenyooka. La tatu vilevile. Johnstone anaridhika, lakini hajamaliza.

"Kwangu bado kuna kazi. Hata ukikaa tu uiangalie."

"Asante, Mzee. Mtafute mtu hajawahi kuigusa. Huyo hataipindisha."

Jibu lake linafika ofisini kabla ya saa kumi na moja. Anabaki kwa ile miezi mitatu, na hadai kuwa ana hakika.

"Hii mikono itanisumbua huku na itanisumbua Cheptiret. Afadhali nisumbuke penye kuna mtu wa kuniambia nimekosea."

Amemwomba Muchiri amfundishe zaidi ya kuandika namba kwenye skrini. Anataka kujifunza kulisoma lile jicho, kulisafisha, na kujua linaona nini linapoamua kwamba chuma kimeenda kombo.

"Hata hiyo mpya ni chuma tu," anasema. "Itazeeka, itaanza kuvuta upande. Siku hiyo nataka nijue kama ni yenyewe, ama ni mimi."