Mdomo Umeenda Upande, Nikamshuku Jirani

Leo asubuhi chai imenitoka mdomoni ikamwagikia kifuani, na mtu wa kwanza niliyemshuku ni jirani yangu, Mama Neema.

Kwenye kioo mdomo umevutwa kushoto. Jicho la kulia halifumbiki.

Mama mkwe akaniuliza taratibu, "Jana ulikula kwa nani?"

Kwa Mama Neema. Tunagombania mpaka wa shamba la viazi, halafu jana tu akanikaribisha. Kwa nini jana?

Mama mkwe akataka mganga. Mume wangu akahofia kiharusi, akanitoa Makambako mbio hadi hospitali Njombe, mama mkwe nyuma yetu.

Daktari akasema, "Kunja paji la uso." Kulia hakukusogea kabisa. Mikono na miguu ilikuwa na nguvu.

"Si kiharusi, hicho mara nyingi hakigusi paji. Ni neva ya uso imevimba. Pengine ni virusi, lakini mara nyingi chanzo hakijulikani."

Mama mkwe akadakia, "Sisi tunakijua."

Nimepewa vidonge vya uvimbe, ambavyo lazima vianze mapema, matone ya jicho, na plasta ya kulifunga nikilala. Wengi hupona, nimeambiwa.

Tumerudi, Mama Neema yuko mlangoni na chupa ya uji.

"Kamwene," akanisalimu. "Pole, jirani. Hata mimi ugonjwa huu ulinipata nikiwa na mimba ya Neema, ukaisha. Linda jicho tu."

Alipoondoka, mama mkwe akaninong'oneza, "Umesikia anavyoujua?"

Vidonge nimemeza. Uji bado uko mezani.

Nyie mngekunywa?