Neno Nililolisema kwa Adabu

Siku yangu ya kwanza kazini, Stesheni Masta hakunionyesha kiti cha kukalia. Alinionyesha tokeni. Kwa ninyi mliozaliwa juzi, tokeni ni kipande cha chuma kinachofungwa kwenye duara kubwa la waya, na dereva wa treni haruhusiwi kuondoka stesheni kabla hajakabidhiwa. Reli yetu ni moja na treni mbili haziwezi kupishana katikati ya pori, kwa hiyo kati ya stesheni mbili hutolewa tokeni moja tu kwa wakati mmoja. Mwenye nayo ndiye mwenye njia.

"Gaspari," alisema Stesheni Masta, mzee mwembamba ambaye hakuvua kofia hata akila, "tokeni ni moja na anayepewa ni mmoja. Asiyepewa anasubiri. Na hakuna kununa."

Nilikuwa kijana wa Ushirombo niliyetoka shule ya misheni. Nikaitikia ndiyo bwana, maana sikuona kununa kunahusiana nini na kazi ya reli.

Nilianzia Seke, nikahamishiwa Malampaka, kisha nikaletwa Shinyanga kuwa Msaidizi wa Stesheni Masta. Kazi yangu ilikuwa kuomba njia. Unapiga simu stesheni ya mbele, unauliza kama njia ni safi, wanakujibu, unaandika saa na dakika katika daftari, ndipo unatoa tokeni na pointimani, yule anayegeuza reli, anaelekeza treni inakotakiwa. Ukikosea neno moja watu wanakufa. Mimi sikukosea. Nalisema hili kwa majivuno, na mtanisamehe, kwa sababu bila kujua majivuno yangu hamtaelewa yaliyofuata.

Katika miaka ya sabini tuliletewa karani wa tikiti, binti wa upande wa Mhunze aitwaye Kabula. Nilimfundisha mimi. Nilimwonyesha tikiti zile za kadi ngumu na mashine ya kugongea tarehe, nikamwambia bibi akija dirishani na "mwangaluka" yake usimjibu kwa Kiswahili cha ofisini, mwamkie kwa Kisukuma, atakuambia anakokwenda bila kubabaika. Kabula alishika haraka. Tatizo lake lilikuwa maswali.

"Baba Tereza," aliniuliza siku moja, akiniita kwa jina la binti yangu, "kwa nini tunawaambia watu treni ipo njiani wakati hatujui iko wapi?"

Hilo neno, "ipo njiani", lilikuwa mkate wetu. Abiria akiuliza, ipo njiani. Akirudi baada ya saa tatu, ipo njiani. Treni inaweza kuwa bado imelala Mwanza haina hata kichwa cha kuivuta, sisi tunasema ipo njiani.

"Ili watulie," nilimjibu.

"Lakini hawatulii, Baba Tereza. Wanakwenda kupanda malori."

Nikamwambia aendelee kugonga tarehe.

Alisema kweli. Miaka ile vichwa vya treni vilikuwa vinakufa kimoja kimoja na vipuri havipatikani. Treni ya Jumatatu ilifika Jumatano. Mabehewa yakabaki na kuku na wanajeshi, na watu wenye haraka wakatukimbia. Shirika likawa linapumua kwa shida. Wakati huo Kabula alikuwa amekwenda chuo cha reli na kurudi na cheo cha Mkaguzi wa Tikiti. Halafu Mkuu wa Abiria wa kanda yetu akaondolewa, kiti kikabaki wazi.

Kiti kile kilikuwa changu. Sikukitamka, ila kila mtu alijua. Gadi, yule msimamizi wa treni anayekaa behewa la mwisho, alianza kuniita Mkuu. Mke wangu, Mama Tereza, alikwishapeleka kitambaa kwa fundi nishonewe suti.

Makao makuu wakamtuma Ofisa Utumishi, kijana aliyesoma ng'ambo, aliyeandika kila alichoambiwa. Alinikuta ofisini.

"Mzee, nafasi ya Mkuu wa Abiria iko wazi. Ukipewa, utaiweza?"

Sasa sikilizeni. Kwetu mtu akikukaribisha chakula, hata kama utumbo unalia, hukai mara moja. Unasema nimeshiba. Anakushika mkono. Unasema basi, tonge moja tu. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo nilivyomjibu.

"Aa, mimi nani, bwana mkubwa? Wapo wenye uwezo kuliko mimi."

"Kama nani?"

Sikutegemea swali hilo. Kabula alikuwa anapita mlangoni na daftari lake. "Hata huyu binti anaweza," nikasema, nikacheka.

Yeye hakucheka. Aliandika. Nikasubiri anishike mkono, anikaribishe mara ya pili. Akafunga faili, akaomba maji ya kunywa, akanishukuru, akaenda zake.

Baada ya miezi miwili barua ikaja. Mkuu wa Abiria ni Bi. Kabula.

Niliona wivu. Sitauita masikitiko wala mshangao. Niliona wivu mpaka chakula kikanishinda, na ile suti niliiacha kwa fundi hadi fundi akaileta mwenyewe nyumbani. Nilimwambia pointimani kwamba Kabula ana mtu wake makao makuu. Nilimwambia gadi. Niliwaambia hata wenzangu wa kwaya tukitoka misa. Yale maneno niliyomwambia Ofisa Utumishi sikuyahesabu kabisa, kwa sababu yalikuwa adabu tu, na mtu hawezi kunyang'anywa kiti kwa adabu.

Mara ya kwanza alipotutembelea alikuja kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha kukagulia reli. Akashuka, akanijia moja kwa moja mbele ya wafanyakazi wote, akakunja magoti kidogo.

"Shikamoo, Baba Tereza."

Nikatazama signali. "Karibu, Mkuu," nikasema.

Watu waliguna. Mtu akikupa shikamoo anakupa ukubwa wako, na ukiitikia marahaba mmeelewana. Mimi sikutaka kuelewana naye. Kila alipokuja aliniamkia, na kila aliponiamkia nilipata kitu cha kutazama: saa, daftari, anga.

Agizo lake la kwanza lilikuwa kwamba ni marufuku mfanyakazi yeyote kusema ipo njiani. Kila stesheni iweke ubao mweusi uandikwe ukweli kwa chaki: treni iko wapi, imepatwa na nini, inategemewa saa ngapi. La pili, treni za kila siku zisizofika zikapunguzwa zikawa tatu kwa wiki, zinazofika. Mimi nilicheka waziwazi. Nikasema treni imekuwa kliniki ya watoto, ina siku zake.

Wiki ile ile akaja mchimbaji kutoka machimbo ya Geita, ameteremka kwenye lori, vumbi jekundu hadi kwenye kope.

"Mzee, treni ipo?"

Ulimi wangu ulishaanza. Nikalimeza lile neno, nikamwonyesha ubao, niliouandika kwa mkono wangu mwenyewe: treni imeharibika, itafika kesho saa nne asubuhi.

Akasoma mara mbili. "Kumbe na ninyi mnajua kusema kweli? Basi nakwenda kulala. Mngeniambia ipo njiani ningerudi kwenye lori."

Usiku ule nilifanya dhambi ambayo mtu wa reli hapaswi kuifanya. Niliomba treni ichelewe. Nilitaka yule mchimbaji aje saa nne akute reli tupu, atukane ubao na mwenye ubao wake. Treni ilifika saa nne kasoro dakika kumi. Mchimbaji alikuwapo, na wenzake watatu, na wakakata tikiti za hadi Tabora. Nilimkabidhi dereva tokeni kwa hasira, kama ninayemtupia.

Baada ya mwaka mmoja watu walikuwa wanasimama kwenye mabehewa kwa kukosa viti. Kilichoniuma si kwamba amefaulu. Kilichoniuma ni kwamba uongo ule niliusema miaka ishirini, nikijua ni uongo, na haikunijia hata siku moja kuuacha.

Nilipostaafu, mwishoni mwa miaka ya themanini, waliniaga pale pale stesheni kwa soda na pilau. Kabula alikuja. Akasimama kuzungumza.

"Nilipoteuliwa niliuliza, kwa nini mimi? Nikaonyeshwa faili. Ofisa Utumishi ameandika kwamba Mzee Gaspari aliulizwa, akakataa cheo, akanitaja mimi. Mtu mwenye haki ya kiti alinipisha nikae. Na hajawahi kujionyesha kwa hilo. Hata shikamoo yangu hakuiitikia miaka yote hii, na mimi nilielewa: hakutaka watu waseme ananilinda."

Gadi alinitazama. Pointimani alinitazama. Wote niliwaambia ana mtu wake makao makuu, na sasa walikuwa wamemjua mtu huyo ni nani.

Kabula akaja mbele yangu, akakunja magoti kama siku ile ya kiberenge. "Shikamoo, Baba Tereza."

Ningeweza kusema kweli. Ubao ulikuwa hapo nyuma yake, na chaki.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. Watu wakapiga makofi, Mama Tereza akalia, na mimi nikapokea shukrani ya zawadi ambayo sikuitoa.

Sijamwambia hadi leo. Ninyi mnaosoma ndio wa kwanza. Niko Ushirombo sasa, nina shamba na goti bovu, na nikisikia mtu anamsifu Kabula bado naona wivu. Mkiulizwa kama mnaweza kazi, semeni mnaweza. Mimi mwenyewe siku hizi nikikaribishwa chakula sisubiri kushikwa mkono. Nanawa, nakaa. Tukirudi nyumbani Mama Tereza huona aibu, huniuliza adabu yangu imekwenda wapi.

Namwambia ipo njiani.